Kikombe Kitupu

Jirani ameniletea maziwa ya ngamia, na ile harufu ya moshi wa kibuyu kilichofukizwa imenirudisha kwenye mkeka wetu, Garissa. Mwalimu wetu mpya, mwanamke kutoka Kisumu, alikuwa amekuja kula nasi. Alimaliza kikombe, mama akajaza. Akamaliza tena huku jasho likimtoka, mama akajaza tena.

“Walahi, huyu mtu yetu kabisa!” alisema mama kwa Kiswahili chake kidogo.

Nikamnong’oneza mgeni, “Mwalimu, bakisha kidogo. Kikombe tupu inaomba ingine.”

“Haki! Nyanya yangu alikuwa akikagua sahani zetu. Ukibakisha, umemtukana.”

Nilipomtafsiria mama, walicheka mpaka wakashikana mabega.

Ijumaa iliyofuata mwalimu alirudi. Akanywa mpaka tone la mwisho, kisha akakisukuma kikombe mbele ya mama.