Lori Lililoitwa Kibatari

Siku yangu ya kwanza kazini, katika yadi ya magari ya serikali pale Kasulu, sikushika hata spana. Msimamizi wa Yadi, mzee wa Kipwani asiyecheka ovyo, alinisimamisha nyuma ya lori lililokuwa likiunguruma.

"Unaona nini, kijana?"

"Moshi, mzee."

"Rangi gani?"

"Mweusi."

"Basi linakunywa dizeli lisiyoweza kuichoma. Jifunze kusoma moshi kwanza. Gari halijui kudanganya, na fundi wake asidanganye."

Hiyo ilikuwa miaka ya sabini mwanzoni. Nilijifunza pampu, inayosukuma mafuta, na nozeli, kijidude chenye vitundu vidogo kinachoyanyunyiza ndani ya injini. Nozeli ikichoka hutema badala ya kunyunyiza, na moshi huanzia hapo. Spea zilikuwa za kuota tu. Tuliosha, tukasugua, tukarudishia, tukamwomba Mungu.

Kisha nikahamishiwa Kibondo. Huko nilikabidhiwa lori ambalo watu walikwisha kulibatiza Kibatari kwa masizi yake. Kazi yake ilikuwa kubeba kokoto, lakini gari la wagonjwa lilipoharibika, na halikuchoka kuharibika, Kibatari ndilo lililoleta wagonjwa kutoka vijijini. Siku moja Muuguzi Mkuu, Sista Yasinta, alinijia yadini, sare yake nyeupe imekuwa kama ya muuza mkaa.

"Fundi, nimetoka Kitahana na mama mjamzito, kakohoa njia nzima. Mnatubebea wagonjwa au mnawakausha kwa moshi kama samaki wa migebuka?"

Nilicheka, halafu nikaona aibu.

Haukupita muda, Mhandisi wa Wilaya akatutangazia kwamba kuna mgeni wa wafadhili anakuja kutazama magari. Barua yenyewe hakutusomea. Sasa, mgeni akija kwako unafanya nini? Unafagia! Wenzangu walipaka mawe chokaa. Mimi nilizama ndani ya Kibatari siku tatu. Niliosha chujio la hewa, nikarekebisha pampu, nikachomoa nozeli zote na kuweka nyingine nilizookota kwenye injini zilizokufa. Zile mbovu nikazitia koponi.

Mgeni alifunga kitambaa cheupe kwenye ekzosi, lile bomba la kutolea moshi, akaniambia nikanyage mafuta. Kitambaa kikatoka cheupe vilevile. Nilivimba kichwa. Lakini Mhandisi alinivuta pembeni, jasho likimtoka.

"Umetumaliza! Wanatoa malori mapya badala ya yale yanayotoa moshi! Mgeni anakwenda kunywa chai. Rudishia nozeli mbovu, kisha tutamwambia apime tena."

Nilishika lile kopo nikimfikiria mama wa Kitahana. Lori jipya lingekuwa lake na la wenzake. Nikamkumbuka pia mzee wa Kasulu. Mwishowe miguu ilinipeleka penye chai.

"Mgeni, hizi ndizo zilizokuwemo," nikasema. "Nilizoweka ni za kuokota. Baada ya masika moshi utarudi, na sina pa kuokota tena."

Mhandisi alikodolea macho kikombe chake. Mgeni aligeuza nozeli moja vidoleni, akaandika, akaaga.

Lori jipya halikuja. Ilikuja mashine ya kupimia nozeli, pamoja na masanduku ya spea za magari yote ya Kibondo na Kasulu. Mhandisi alininunia mwezi mzima, kisha akaanza kuwaeleza wakubwa kwamba lilikuwa wazo lake. Nilimwachia.

Nimestaafu zamani, na sina kinyongo na mtu. Vijana wakiniuliza ni siku gani niliipenda kazi yangu kuliko zote, wanadhani nitataja kitambaa cha mgeni. Nawatajia siku Kibatari lilipotoka Kitahana na mgonjwa, na Sista Yasinta akashuka nyuma. Nilikuwa nikimkwepa, maana nilijua nani alimkosesha lori jipya. Akaniita, akajigeuza taratibu nimwone mbele na nyuma. Sare ilikuwa nyeupe pe.

"Hili linatosha, Fundi," akasema.

Machozi yakanitoka mbele ya yadi nzima, na hapakuwa na moshi wa kusingizia.