Beringi za Gari la Baba Mkwe

Baba mkwe wangu ana gari la spoti la zamani, la viti viwili, lenye paa la turubai. Alilinunua enzi za ualimu wake kwa mgeni mmoja aliyekuwa anarudi kwao, na tangu niolewe katika nyumba yao ya Mwananyamala sijaona kitu kinachopendwa kama gari lile. Jumamosi analiosha mwenyewe. Jumapili anakwenda nalo kanisani, mama mkwe pembeni yake amekishika kilemba kwa mikono miwili.

Mwaka jana likaanza kulia. Ukienda polepole husikii kitu, lakini likishachanganya mwendo, magurudumu ya mbele yananguruma kama mashine ya kusaga na usukani unatetemeka. Fundi wa mtaani akalipiga jeki, akalitikisa gurudumu juu na chini, akasema beringi zimekwisha, kulia na kushoto.

Hapo ndipo mzee alipoanza kuzunguka. Alikwenda Kariakoo, akaenda Ilala, akarudi Temeke, kila duka la spea akiuliza kama wana beringi za gari lake. Wauzaji walikuwa wanaitazama picha kwenye simu yake, wanamsifia gari, kisha wanamwambia labda ajaribu duka linalofuata. Wiki ya tatu akaamua ziagizwe Ulaya.

Na mie, mkwe wake, kazi yangu ni kuuza beringi.

Niko kwenye duka moja la vipuri vya mitambo kule Mikocheni. Wateja wetu ni wenye mashine za kusaga, wenye pampu za maji, wenye matela ya trekta. Mzee alijua tu kwamba ninafanya kazi dukani. La nini, hakuwahi kuuliza. Kati yetu kulikuwa na heshima nyingi na maneno machache. Shikamoo, marahaba, chakula tayari, asante mama, basi. Kwetu Temeke tunaongea na wakwe mpaka tunataniana, lakini yeye ni mtu wa bara, mkimya, nami niliogopa kuonekana najifanya mjuaji. Nikawa nasikiliza mezani anavyomhadithia mume wangu safari zake za kutafuta beringi, nikinyamaza na wali wangu. Nilimwomba mume wangu anisemee. Akakataa, akasema hilo ni la kwangu.

Jumapili moja nilipompelekea chai nikajikaza. Nikamwomba amwambie fundi azitoe zile beringi mbovu, aniletee nizione.

"Uzione za nini, mama?"

"Kazini kwangu tunauza beringi, Baba."

Aliweka kikombe chini. Akauliza tangu lini.

"Tangu kabla sijaolewa."

Kesho yake alikuja dukani amevaa koti, beringi kazifunga kwenye gazeti kama vitumbua. Nikaziosha kwa mafuta ya taa na brashi mpaka namba zikaonekana kwenye ringi. Nikamweleza kwamba beringi haitafutwi kwa jina la gari, inatafutwa kwa namba yake. Kila gurudumu lina mbili, kubwa ya ndani na ndogo ya nje, zote za roli, vile vyuma vya mviringo mrefu, si za gololi. Ile kubwa tulikuwa nayo tele, maana ndiyo inayofungwa kwenye matela.

Hilo hakulipenda. "Gari lile na tela?"

"Ekseli haijui imebebeshwa nini, Baba."

Kwa ile ndogo ilibidi tuchague. Nilimwekea mezani maboksi mawili. Moja lilikuwa jipya, linang'aa, lina rangi za kupendeza. Jingine limechakaa, limechanika pembe. Mkono wake ulikwenda moja kwa moja kwenye lile zuri. Nikazitoa beringi zote mbili, nikampa azizungushe kwa vidole. Ya boksi zuri ilikuwa inakwaruza, na namba zake zimechapwa kwa wino unaofutika. Ya boksi bovu ilikuwa bado kwenye karatasi yake ya mafuta, haina doa la kutu, namba zimechongwa kwenye chuma, na ilizunguka bila sauti. Alirudia mara tatu, macho kayafumba. Kisha akalisukuma boksi zuri upande wangu.

Akataka abakize zile ringi za nje zilizokuwa zimekaa ndani ya habu, kile kitovu cha gurudumu, kwa sababu bado zinang'aa. Nikamwomba apitishe ukucha kwenye ile moja ambayo fundi alikwisha kuitoa. Ukucha ukakwama kwenye vishimo. Akacheka, na nadhani ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka pamoja naye.

Siku ya kufunga nilikuwa uani nimeshika sinia la chai. Fundi alikuwa anakaza nati kwa nguvu zake zote. Nikamwambia akaze huku gurudumu linazungushwa, kisha arudishe nati nyuma kidogo, beringi ipate nafasi ya kupumua, la sivyo itachemka njiani. Fundi akamtazama mzee.

"Msikilize huyo," mzee akasema.

Jumamosi iliyofuata alitaka kulijaribu mpaka Bunju. Mama mkwe akakataa kwenda, akasema aende aliyezichagua. Nikafunga mtandio vizuri, nikapanda. Baada ya Tegeta tukasimama pembeni, yeye akagusa habu ya kulia kwa kiganja, mie ya kushoto.

"Yako vipi?" akauliza.

"Vuguvugu tu, Baba."

"Hata yangu."

Tukaenda mpaka Bunju, tukanywa madafu, tukageuza. Turubai lilikuwa chini, na kwa jinsi magurudumu yalivyotulia tuliweza kusikilizana vizuri. Akaniuliza kuhusu kazi yangu: mashine gani zinaharibika sana, na wanaume wanasemaje wakikuta muuzaji ni mwanamke. Nilimjibu moja, akauliza jingine. Nilikuwa bado naongea tulipofika Mwenge.