Supu ya Mama Mkubwa

Mama alivunjika mkono akiinua kikapu cha kahawa kisichojaa hata nusu. Hakuanguka. Nilisikia tu sauti yake, nikageuka, nikaona kikapu kiko chini na kahawa mbivu zimetawanyika. Mwaka huo nilikuwa nimemaliza darasa la saba. Baba alikuwa amefariki na dada zangu walikuwa wameolewa, hivyo mimi ndiye niliyemtunza.

Hospitali ya misheni walimfunga plasta. Daktari aliitazama miguu yake iliyovimba, akampima mkojo, akasema figo zimechoka sana, na mifupa imelegea kwa sababu ya figo hizo.

"Supu ya mifupa asinywe," aliniambia. "Dagaa asile. Maziwa, tone tu kwenye chai. Figo zake haziwezi tena kutoa uchafu wa vyakula hivyo. Ukijaa kwenye damu, unamla mifupa." Akanipa vidonge vyeupe vya mama kutafuna wakati wa kula.

Lakini kwetu aliyevunjika huletewa supu ya mifupa. Binti wa nyumba hupiga magoti, huipokea sufuria kwa mikono miwili, na mgonjwa hunywa mletaji akiangalia. Kuikataa ni kama kumwita mletaji mchawi. Na tulikuwa tumeshahamia kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari, sufuria ikipita kila mtu anajua inakokwenda.

Wa kwanza kuja alikuwa mama mkubwa, dada yake mama. Nilipiga magoti, nikapokea. Maneno ya daktari nilikuwa nayo, ila hayakutoka. Mama naye hakutaka kumuudhi dada yake, akanywa. Alikunywa supu ile wiki tatu.

Akaanza kujikuna mpaka ngozi ikachubuka. Usiku aliugulia nyonga. Tuliporudi hospitali, daktari aliuliza amekula nini. Nilitazama sakafu. Mama akajibu mwenyewe.

"Binti," daktari akasema, "ukinyamaza tena, safari nyingine itavunjika nyonga. Hiyo mimi siwezi kuifunga plasta."

Siku ya pili yake mama mkubwa akatokea na sufuria ya makongoro, supu ya miguu ya ng'ombe. Nilipiga magoti kama kawaida, lakini mikono niliibakiza mapajani.

"Pokea, inaniunguza!"

"Shikamoo, mama mkubwa. Supu hii siipokei."

"Nini?"

"Inamvunja mama. Daktari amesema."

"Mfupa ukivunjika, unampa mtu mfupa! Hata mbwa anajua hilo, yeye hakusoma darasa la saba." Akamgeukia mama. "Nawe umemfundisha kunitukana?"

Mama alikuwa amekaa mlangoni kwenye jua. "Dada, huyu hasemi hata na kuku. Akifungua mdomo, ujue amelazimika."

Mama mkubwa aliitua sufuria yake chini. Kisha akaketi kwenye kigoda kwa kishindo. "Haya. Sasa ndugu yangu atakula nini? Upepo?"

Nikamweleza polepole, kwa kuwa sijui kueleza haraka: ugali, kabichi iliyochemshwa na maji yake kumwagwa, ute wa yai, chumvi ya kuonja tu. Na asibebe kitu, hata kata ya maji.

"Chakula cha kumlaza mtu njaa," akasema. "Lete kikombe. Mimi figo zangu nzima, na goti linaniuma." Akanywa makongoro yote pale pale, mama akicheka huku ameshika mkono wake wa plasta.

Tangu siku hiyo, waliokuja na sufuria walikutana naye njiani. Alikuwa mkali kuliko daktari. Wengine waliacha kumsalimia kwa ajili hiyo.

Mama aliishi misimu miwili zaidi ya kahawa. Figo hazikupona, na ndizo zilizomchukua. Lakini nyonga haikuvunjika. Mpaka wiki ya mwisho alikwenda chooni kwa miguu yake, nami nikimfuata nyuma hatua mbili, kwa kuwa hakupenda kushikwa.