Vitabu Mbele, Glasi Nyuma

Baba alipopunguzwa kazi mjini Moshi alirudi nyumbani Kibosho na vitabu vyake vyote ndani ya magunia ya kahawa. Magunia hayakuwa shida, maana ofisi yao ilikuwa ya kahawa. Shida ilikuwa mahali pa kuviweka vitabu. Vilikaa chini ya vitanda miezi mingi. Mimi nililala juu ya sheria za ushirika, na wazazi wangu juu ya magonjwa ya mibuni pamoja na kamusi ya Kijerumani ambayo hakuna aliyejua ilitoka wapi.

Mwishowe Baba alikata mti mmoja kihambani, shamba letu linalozunguka nyumba, katikati ya migomba, akapasua mbao na kuzipeleka kwa fundi seremala mjini ili amtengenezee kabati la vioo. Siku ya soko Mama naye akashuka mjini, akapita kwa fundi huyohuyo. Akatoa kwenye kikapu glasi moja na sahani kubwa ya kupakulia, akamwonyesha urefu na upana wake. Glasi zake alizinunua soko la Himo bidhaa za nje zilipoanza kujaa, zile zenye mstari wa dhahabu mdomoni, baada ya miaka mingi ya kunywea vikombe vya bati. Hakumwambia Baba.

Kabati lilipandishwa kwa pikapu, limefunikwa blanketi, na fundi alikuja nalo mwenyewe. Baba akaingiza mkono kwenye shelfu ya kwanza, ukazama mpaka kwenye kiwiko.

"Fundi, mbona limeingia ndani hivi? Kitabu gani kina ukubwa huu?"

Fundi akamtazama Mama. Mama akatazama migomba.

"Mzee, wewe ulisema vitabu. Mama akasema vyombo. Nikaona nisimkosee mtu. Kimoja kitakaa mbele, kingine nyuma."

"Na kipi kikae mbele?"

"Hilo sikuambiwa," fundi akasema, akaomba maji ya kunywa.

Mama aliwahi. Kesho yake asubuhi glasi zilikuwa mbele, zinameta. Lakini kwetu kuna ukungu na mvua, na mlango mmoja wa kabati ulivimba, ukawa haufunguki bila kuvutwa kwa nguvu. Mara ya kwanza Mama alipouvuta, glasi moja iliruka sakafuni. Akazitoa zilizobaki na kuzihamishia nyuma bila kuambiwa na mtu. Baba naye siku nzima alikuwa akiimba nyimbo za kanisani.

Kazi ya kupanga vitabu nilipewa mimi, kwa kuwa nilikuwa nyumbani nikisubiri matokeo ya kidato cha nne.

"Panga kwa heshima," Baba akaniagiza.

Maana yake, sheria na uchumi vikae usawa wa macho ya mgeni, kilimo na mifugo chini yake, na zile riwaya za upelelezi alizoachiwa na mwenzake wa ofisini zikae chini kabisa, migongo ikitazama ukutani. Nilipomaliza, Mama akatandika vitambaa vya kufuma kila shelfu, ncha zake zikaning'inia na kufunika majina ya vitabu vya chini yake. Baba akipita anazikunja juu. Mama akipita anazishusha.

Ndipo ikafika zamu yetu ya jumuiya, majirani waje wasali kwetu. Mama alitaka soda zinywewe kwenye glasi zake, na glasi hazikufikika bila kutoa vitabu. Meza ilikuwa imejaa machalari ya ndizi na nyama, na chupa za chai. Nikawa natoa vitabu na kuwapakatisha wageni waliokwisha kukaa.

"Nishikie kidogo, babu. Nishikie na wewe, mama."

Nilipotoka jikoni na soda, sebule ilikuwa kimya kama darasa la mtihani. Kila mtu ameinamia kitabu alichopakata. Mwenyekiti wa jumuiya akaanza ishara ya msalaba, na walioitikia amina tulikuwa watatu: Mama, mimi, na mzee niliyempakatisha kamusi ya Kijerumani.

Sala ilipoisha nikapita kuvikusanya. Bibi jirani, mjane wa ng'ambo ya mfereji, akakikumbatia chake. Kilikuwa cha upelelezi.

"Subiri, mjukuu wangu. Kuna mtu amesimama mlangoni na kisu."

Baba hakuazimisha vitabu, hata kwa padre. Kwa hiyo kesho yake Bibi jirani akaja mwenyewe, na mkungu wa ndizi kichwani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nimekuja kumwona yule mtu wa kisu."

Akasoma sebuleni kwetu hadi mchana. Siku iliyofuata akaja na mzee niliyempakatisha kitabu cha magonjwa ya ng'ombe siku ile ya sala. Mama akawapikia chai wote, na walipoondoka akamwambia Baba, "Vitabu ni vyako, sukari ni yangu. Sema nao."

Baba alifunga kabati na kutangaza kwamba ufunguo umepotea. Mzee wa ng'ombe aliamini. Bibi jirani alikaa mbele ya kioo, akakitazama kitabu chake pale chini, kisha akamtazama Baba.

"Umepotelea mfuko gani, mwanangu?"

Baba akautoa.

"Basi nisomee wewe," Bibi akasema. "Macho yangu yamechoka."

Baba akaanza kusoma kwa sauti ya kusomea taarifa ya mkutano, ili amalize upesi. Kufikia ukurasa wa tatu sauti ilikuwa imeshuka. Mama alipoita chakula, Baba akajibu, "Tangulieni." Bibi akasinzia, Baba akaendelea kujisomea. Bibi alipoamka akauliza wamefika wapi, na Baba akalazimika kurudi nyuma sura nzima.

Baada ya Bibi kwenda kwake, Baba alikimalizia kitabu peke yake. Kesho yake alishindwa kuficha. Alisoma akiwa amekaza uso kama anayeng'olewa jino. Bibi akamwangalia usoni.

"Muuaji ni yule daktari, siyo?"

Baba akageuza ukurasa ambao hakuwa ameumaliza.

"Umeshasoma mwisho," Bibi akasema. Akainuka, akachukua ndizi alizotuletea asubuhi ile, akaondoka nazo.

Jumapili alitupita nje ya kanisa kama asiyetujua. Baba alikosa raha. Jumatatu akanipa kitabu kilekile nimpelekee, kitabu cha kwanza kuazimwa kutoka nyumba yetu. Nilikikabidhi, Bibi akakipokea bila kuniangalia. Wiki ilipoisha akapaza sauti kutoka ng'ambo ya mfereji.

"Mwambie baba yako nimemaliza. Siyo daktari. Kesho nakuja, anitafutie kingine."

Nilimpelekea Baba ujumbe. Alisimama mbele ya kabati jioni nzima. Za upelelezi zilikuwa zimebaki mbili, na zote hakuwa amezisoma. Moja akamwachia Bibi, nyingine akaingia nayo chumbani, akafunga mlango.