Mawese Kwenye Nyayo za Ajida

Mpaka leo, nikipita njia ya kanisani hapa Kamina, kuna mama mmoja wa kwaya ambaye huinua mguu wake na kuniuliza kama nimebakiza mawese kidogo, na wenzake hucheka mpaka wanashikana mabega, nami hucheka nao, maana nitafanya nini? Aibu niliitafuta mwenyewe.

Asubuhi moja niliondoka Kinkondja bila mpango wowote (shule niliiacha mapema kwa sababu hiyohiyo, dirisha lilinivutia kuliko ubao), nikapanda baiskeli, nikawafuata wachuuzi wa samaki wakavu, na baada ya siku kadhaa nikajikuta Kamina, mbele ya nyumba ya mjane mmoja, Mama Ngoie, aliyekuwa na chumba kitupu na panya wengi. Mke wa askari kule Base, kambi ya jeshi, ambaye mumewe alikuwa anahamishwa, alitaka kumpa paka wake wawili, lakini Mama Ngoie alisita, kwa kuwa paka mkubwa akibadilishiwa nyumba hurudi alikotoka.

"Weye unajua mambo ya bapaka?" aliniuliza.

Hapo ndipo ningepaswa kusema hapana.

"Mama, minyi natoka Kinkondja, kwa samaki. Bapaka njo bandugu yangu."

"Basi enda ubalete. Bakikaa, na weye unakaa. Bakitoroka, unabafuata."

Kule Base nilikabidhiwa gunia lenye Ajida, jike nene lililokutazama kana kwamba linakagua gwaride, na Kaporali, dume lililoogopa hata kivuli chake, pamoja na kipande cha kikwembe, yaani kitenge, walichozoea kulalia.

"Papa, sikia," mke wa askari alisema. "Ubafungie mu chumba kimoja siku nane, na hii kikwembe yabo. Basione bantu mingi."

Niliitikia ndiyo mama, ndiyo mama, kisha kikwembe nikakifutia mnyororo wa baiskeli. Njiani muuza mawese akanipa siri: paka mgeni hupakwa mawese nyayoni, akijilamba anasahau kwao. Akanimiminia kidogo kwenye kikopo, nami nikaamini papo hapo (mimi jambo nikiambiwa barabarani huliamini kuliko nikiambiwa nyumbani).

Nilipofika, sebule ilikuwa imejaa. Kundi la sala la mtaa lilikuwa limekusanyika, na mupe, yaani padri, amekuja na kanzu yake nyeupe kubariki nyumba, na mezani kuna kitambaa cheupe alichokidarizi Mama Ngoie mwenyewe. Nikapitia nyuma, nikazipaka mawese nyayo zote nane (mikono yangu ikapata mikwaruzo isiyohesabika), nikawarudisha guniani, nikaingia nalo, nikaketi kwa adabu.

Baada ya sala, kama ilivyo desturi, mgeni husimamishwa na kutambulishwa. "Huyu njo mugeni wetu wa Kinkondja," alisema Mama Ngoie, na watu wote wakapiga makofi. Yangeishia hapo. Lakini makofi yale yalinilevya, nikaona si haki wenzangu wakose kutambulishwa, nikasema, "Tuko batatu!" nikafungua gunia.

Ajida alipanda mezani, akaacha nyayo nyekundu kutoka mshumaa hadi msalaba, akamrukia mupe kifuani na kutulia begani. Kaporali alipanda pazia, akazama kwenye dari ya mikeka, na dari, ambayo panya walikuwa wameshaitafuna, ikafunguka na kummwagia yule mama wa kwaya mahindi, magunzi na mavi ya panya. Mama yule akaruka, akakanyaga mawese, akateleza mpaka mlangoni na kuufunga kwa mgongo wake. Bila yeye, paka wangekuwa njiani kurudi Base, nami nyuma yao.

"Mama Ngoie," mupe alisema, Ajida bado yuko begani, "minyi nilileta maji ya baraka. Hii mafuta, nani ameleta?"

Wote wakanitazama.

Mama Ngoie hakupiga kelele. Alikikunja kitambaa chake, nyayo zikiwa ndani. "Niliomba bapaka babiri, Mungu amenipa batatu, na ya tatu haina akili. Ingia mu chumba na babo. Siku nane. Kikwembe iko wapi?"

Nikakifuata kwenye baiskeli, kikiwa cheusi kwa grisi.

Basi mimi, nisiyewahi kukaa siku tatu mahali pamoja, nilifungiwa na paka wawili (nilitoka kwenda chooni tu). Siku ya tatu Kaporali alishuka. Siku ya tano Ajida alilala juu ya miguu yangu, nami sikuthubutu kuisogeza. Siku ya nane mlango ulifunguliwa, paka wakanyoosha migongo, wakaenda ghalani kukagua panya, wala hawakuangalia upande wa Base. Aliyeangalia barabara ni mimi. Mama Ngoie akaniona, akachukua kile kikopo cha mawese.

"Na weye? Tupake?"

Nikavuta miguu ndani. Tangu siku hiyo, nikipewa siri njiani nashukuru na kuiacha palepale, na gunia sifungui tena mbele ya watu. Baiskeli yangu bado imeegemea ukuta. Matairi hayana upepo, na Kaporali hulala juu ya tandiko.