Mama Bariki Wawili

Mume wangu hakufukuzwa kazi, wala hakuua mtu. Tangu tumzike Ephraimu Massawe mwezi wa nne nimeyasikia yote mawili hapa mtaani kwetu Sakina, tena kutoka kwa watu waliokula pilau kwenye msiba wake. Nilifundisha historia sekondari kwa miaka thelathini na mmoja. Tofauti ya tukio na maneno ya watu naijua.

Ephraimu alikuwa muuguzi. Alizaliwa Machame, akaja Arusha kikazi, na mwishowe akawa kiongozi wa wodi ya wanawake katika hospitali moja ya mjini. Wauguzi walimwita Inchaji. Alikuta wodi ambayo kosa likitokea, kila mtu anatazama pembeni. Akatundika daftari kwenye msumari karibu na kabati la dawa. Aliyekosea, au aliyeponea chupuchupu kukosea, aliandika humo kilichotokea. Ukurasa wa kwanza aliuandika yeye mwenyewe: alikuwa amempa mgonjwa vidonge vya asubuhi mara mbili. Kila Jumatatu daftari lilisomwa mbele ya wote, na aliyemcheka mwenzake alitolewa nje.

"Atakayeniambia haraka simtukani," aliwaambia. "Atakayenificha, huyo hatutaelewana."

Jambo moja hakuliona, kwa sababu lilikuwa ndani ya malezi yake. Kwetu mwanamke mzima haitwi jina lake kavu, anaitwa kwa mtoto wake. Ephraimu aliwataka wauguzi wafanye hivyo wodini, na wagonjwa walimpenda kwa heshima hiyo. Basi mwaka 2016 wakalazwa Mama Bariki wawili. Mmoja, wa Tengeru, alikuwa na kisukari. Mwingine, wa Kisongo, alikuwa amevunjika mguu.

Asubuhi moja muuguzi alikuja na sindano ya insulini, akaita, "Mama Bariki?" Wa Tengeru alikuwa bafuni. Wa Kisongo akaitika, akatoa mkono, akachomwa dawa isiyo yake.

Haikupita muda, muuguzi akamwona wa Tengeru anarudi na taulo begani. Hakuna aliyekuwa ameona kitu. Angeweza kunyamaza. Badala yake alikimbia hadi mezani kwa Ephraimu.

"Inchaji, nimekosea mtu. Nimemchoma yule wa mguu."

Daktari aliitwa papo hapo. Mama wa Kisongo alikuwa ameanza kutetemeka walipomwekea dripu ya glukosi. Kufika saa sita mchana alikuwa anauliza kama chai ya hospitali hii huwa haina maziwa siku zote.

Ephraimu hakusubiri mtoto wa mama huyo asikie kwa watu. Alimpigia simu Bariki mwenyewe, dereva wa lori, akamweleza kila kitu. Bariki alifika na buti zake za safari.

"Nani kamchoma mama yangu? Nitajie jina."

"Jina ni Ephraimu Massawe. Wodi ni yangu."

"Umemchoma wewe?"

"Hapana, sikumchoma mimi. Lakini desturi ya kumwita mama yako Mama Bariki humu ndani niliiweka mimi, na hiyo ndiyo iliyompotosha aliyechoma."

"Wewe mzee unamficha mtu!"

"Namficha, ndiyo. Kosa sijakuficha."

Bariki akapeleka malalamiko, haki yake. Kamati iliundwa, na kwa miezi mitatu Ephraimu aliwekwa chumba cha kufungia vidonda, bila uongozi. Huko "kufukuzwa" kunakosemwa ndiko huko. Kila asubuhi nilimpigia pasi sare yake nyeupe kama kawaida, akatoka kichwa juu. Kisha kamati ikamrudisha wodini, na utaratibu aliopendekeza ukatumika hospitali nzima: kabla ya dawa yoyote, mgonjwa ataje mwenyewe jina lake kamili na anakotoka. Hakuna kuitika tu.

Mwanzoni vikongwe walikasirika. Bibi mmoja, Silantoi, alimuuliza, "Jana umeniuliza jina, leo tena. Kichwa chako kinavuja?"

"Shikamoo, bibi. Kinavuja sana. Nisaidie."

"Marahaba. Andika basi, usije ukauliza kesho!"

Na kesho yake aliulizwa.

Mama Bariki wa Kisongo alitoka hospitalini kwa magongo, akapona, na hadi leo yu hai. Nimekula loshoro, yale mahindi ya maziwa mgando, nyumbani kwake. Ephraimu alistaafu mwaka 2022 akiwa kiongozi wa wodi ileile, na barua ya kustaafu ninayo kabatini.

Wiki iliyopita shemeji yangu Abdiel alikuja kunibembeleza.

"Shemeji, mtaje tu huyo muuguzi. Siku hiyohiyo midomo ya watu itafungwa, na jina la kaka litabaki safi."

Ni kweli, ingefungwa. Jina la muuguzi huyo ninalijua, na bado yuko kazini hapahapa mjini. Lakini mama yule yu hai kwa sababu msichana mmoja aliamini kwamba akisema ukweli hataanikwa. Aliyempa ahadi hiyo ni mume wangu. Akiwa kaburini, mimi ndiye niliyebaki kuitunza, na anayeona ahadi hiyo inalichafua jina la Massawe na aone hivyo.

"Abdiel," nilimwambia, "kunywa chai yako."

Wengine msinipigie simu. Simtaji.