Blanketi la Mama Mkwe na Ndorobo wa Wilaya Nzima

Mtu akisifu rangi ya bluu mbele yangu, hadi leo natazama pembeni, maana aibu niliyoipata kwa ajili ya rangi hiyo ingetosha Karatu nzima na nyingine ikabaki ya kesho.

Mimi ni fundi cherehani, cheti nimekipata darasa la jioni (nilikuwa wa tatu, na tulikuwa zaidi ya watatu, msicheke). Nilipojiandaa kupeleka mahari kwa kina Paskalina nikaambiwa nisisahau blanketi la mama, na kwamba kwao mama huvikwa mbele ya watu wote, akilivua kabla shughuli haijaisha, basi kamkataa mkwe. Mwingine angenunua dukani akalala zake. Mimi, fundi mzima, nikasema nitashona la viraka kwa mkono wangu.

Mwalimu wetu alitufundisha vizuri kabisa: fua vitambaa kwanza, hasa vyekundu, visije vikachuja rangi, chukua iliyokolea, iliyopauka na moja ya kuzipatanisha, tandaza viraka mchana, rudi nyuma hatua kumi, fumba jicho moja utazame, halafu uliza blanketi litakaa wapi. Nilifua, nikatandaza, nikafumba mpaka macho yote mawili. Ya kupatanisha na lile swali la mwisho nikaviruka, kwa sababu siku moja nikishuka bondeni kwa kina Paskalina niliona kando ya pori vitambaa vimetundikwa mitini, bluu na nyeusi, vinapepea vizuri ajabu, nikajua huku kuna watu wanaopenda mapambo, nikashona kwa rangi zizo hizo. Paskalina alinipigia simu kuuliza nimechagua rangi gani, nikamwambia tulia, utashangaa. (Alishangaa.)

Siku ikafika, nikamvika mama uwanjani, na vigelegele havijaisha ndorobo wa kwanza akatua begani kwake. Mnawajua ndorobo, wale inzi wanaouma hata juu ya jinzi, wenye vitabu huwaita mbung'o. Nikamchapa kofi, yaani nikamchapa mama mkwe kofi la bega mbele ya ukoo wake, na ndorobo akaruka mzima. Akaja wa pili, wa kumi, wakaja wa Buger, wakaja wa Endamarariek, na wengine nadhani walipanda gari kutoka Sale, wageni wakakimbia na sahani zao, mimi nikashika tawi nikipepea kama mwendawazimu mpaka nikaangusha kreti la soda.

Mjomba wa Paskalina, akijipepea kwa kofia, akasema taratibu, "Kijana, hizi ni rangi za mitego ya ndorobo ya bwana mifugo. Umekuja kuoa au kutega?"

Hapo ndipo nikayaelewa mapambo ya porini. Nikamwinamia mama, nikijua kabisa kwamba maneno yangu yanaweza kuninyima mke, nikamwambia, "Mama, livue tu. Wanakuumiza."

Akanitazama, akalikaza kifuani. "Nimeona kila mshono wako," akasema. "Silivui."

Akainuka, akatembea polepole hadi ndani kwenye giza, ndorobo wakimsindikiza kama wapambe wa bibi harusi hadi mlangoni, maana gizani hawaoni rangi, na shughuli tukaimalizia humo humo, tumebanana, mpaka sala ya mwisho, blanketi likiwa mabegani mwake.

Leo Paskalina ni mke wangu. Lile blanketi mama kalinyunyizia dawa ya kuogeshea ng'ombe, kalitundika kichakani nyuma ya zizi, na anasema ndama wake hawajawahi kutulia hivi. Akaagiza jingine, la kulalia. Sasa sichagui rangi kabla sijakanyaga mahali blanketi litakapokaa, kwa hiyo wiki iliyopita nilishuka na viraka vyangu, nikavitandaza uani kwake, vya rangi ya mahindi, ya majani makavu na ya udongo wetu, tukarudi nyuma hatua kumi, mimi na mama mkwe, kila mtu kafumba jicho moja.

"Vizuri," akasema. "Ila pale pembeni weka kiraka kimoja cha bluu. Kidogo tu, cha ndorobo mmoja."